Lugha na utambulisho wa Wachagga

Lugha na utambulisho wa Wachagga ni mada inayohusu jinsi wakazi wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, wanavyotumia Kichagga na Kiswahili kueleza maana, imani na nafasi ya mtu katika jamii. Mfano wao unaonyesha kwamba lugha si chombo cha kupashana habari tu: humtambulisha msemaji, hubeba mawazo ya wenye mamlaka, na hubadilika pamoja na maisha.

== Lugha moja au nyingi ==
Kichagga ni kundi la lugha na lahaja za Kibantu. Kwa kawaida hugawanywa kufuata mlima: upande wa magharibi kuna Kisiha, Kimachame na Kikibosho, katikati kuna Kiuru, Kimochi cha Old Moshi na Kivunjo, ambacho husemwa Kirua, Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, upande wa mashariki kuna Kirombo. Majirani huelewana, lakini mtu wa Machame akikutana na mtu wa Rombo, mara nyingi wote wawili huhamia Kiswahili.

Tofauti hizo zinatokana na mabonde marefu yanayotenganisha vijiji, na pia na historia. Katika karne ya 19 mlima uligawanyika katika milki nyingi, kila moja ikiwa na mtawala wake aliyeitwa ''mangi''. Mtu alijitambulisha kwa umangi na ukoo wake. Jina la jumla, Chagga, lilienezwa na wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani, kisha na Wazungu kama mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika mlimani mwaka 1848.

== Maana ndani ya maneno ==
Baadhi ya maneno ya Kichagga hayafasiriki kwa neno moja. ''Kihamba'' si shamba tu. Ni ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa, mahali pa nyumba na pa makaburi ya wazee. Ndiyo maana kuuza kihamba ni jambo zito hata kwa mtu anayeishi mbali. ''Isale'' ni mmea unaopandwa mpakani, lakini jani lake pia ni ombi la msamaha: mtu anayeletewa jani hilo hutarajiwa kusamehe.

Majina ya watu nayo husema mengi. ''Aika'' (kwa Kimachame ''haika'') maana yake ni asante, na wasichana wengi huitwa hivyo. Majina ya ukoo hudokeza mtu anakotoka: Swai huhusishwa na Machame, Mtui na Marangu, Tarimo na Rombo.

== Lugha, dini na mamlaka ==
Kwa Kichagga neno ''Ruwa'' (au ''Iruwa'') lilimaanisha jua na Mungu pia. Wamisionari wa Kikristo hawakulifuta. Walilichukua na kulipa mafundisho yao. Kwa njia hiyo neno la zamani lilibeba imani mpya.

Wamisionari Walutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliandika vitabu kwa lahaja chache tu. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro kati ya 1902 na 1938, alitumia Kimochi. Kuchagua lahaja ya kuandika kulikuwa pia kuamua ni usemi wa nani utakaosomwa kanisani na shuleni, na wasemaji wa lahaja nyingine walipaswa kuizoea.

== Kiswahili na umoja ==
Umoja wa Wachagga ulikua zaidi katika karne ya 20, kupitia kilimo cha kahawa, chama cha wakulima cha KNPA kilichoanzishwa mwaka 1925, ushirika wa KNCU uliokifuata, na cheo cha Mangi Mkuu alichopewa Thomas Marealle mwanzoni mwa miaka ya 1950. Umoja huo kwa sehemu kubwa ulijengwa kwa Kiswahili. Kitabu cha Petro Itosi Marealle kuhusu mila, ''Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera'' (1947), kiliandikwa kwa Kiswahili. Gazeti la Baraza la Wachagga, ''Komkya'', lilikuwa na jina la Kichagga lakini habari zake zilikuwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa hakikuwa lahaja ya umangi wowote, Kiswahili kiliwafaa wote.

Baada ya uhuru, umangi ulifutwa na Kiswahili kikawa lugha ya taifa. Tangu 1967 kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sera hiyo ilisaidia kuzuia ukabila, na Watanzania wengi wanajivunia hilo. Hata hivyo, lugha za jamii hazikupewa nafasi shuleni wala redioni, na watoto wengi walijifunza kuzionea haya.

== Hali ya sasa ==
Katika mji wa Moshi watoto wengi huzungumza Kiswahili nyumbani, na wengine huelewa Kichagga bila kukisema. Wakati huohuo maneno ya Kichagga kama ''mtori'' na ''mbege'' yamejulikana nchini kote. Neno ''mangi'' limepata maana mpya: Dar es Salaam "kwa Mangi" ni duka dogo la mtaani, kwa sababu Wachagga wengi walifungua maduka huko. Cheo cha mtawala kimekuwa jina la muuza sukari na sabuni.

Kila Desemba Wachagga wengi hurudi mlimani kwa Krismasi, safari ambayo Watanzania wengine huitania kwa kusema wanakwenda "kuhesabiwa". Ndipo wajukuu husikia Kichagga cha babu na bibi, mara nyingi kwa siku chache tu kwa mwaka. Bila mazoea ya kila siku, neno kama ''kihamba'' linaweza kubaki midomoni mwa vijana likiwa na maana ya shamba tu.

[[Jamii:Wachagga]]
[[Jamii:Mkoa wa Kilimanjaro]]