Askari, Wosia Wake na Cheti Chake cha Ndoa

Askari ni mtu wa kuhama. Mwezi huu yuko Mbarara, mwezi ujao Gulu, kisha mpakani. Bunduki yake ina nambari iliyoandikwa kitabuni, na sare zake zina sahihi ya kupokelewa. Lakini mara nyingi mke wake hakuandikwa popote, wala haijulikani kibanja alichokinunua kwa mshahara wake kitakuwa cha nani. Mauti yakimfika, bunduki hurudi ghalani bila mabishano. Mabishano huanza nyumbani.

Hapana haja ya mambo kufikia hapo. Nchini Uganda zipo ofisi za serikali zilizowekwa kwa kazi hiyo, na yafaa kila askari na polisi azijue angali hai.

Tuanze na ndoa. Ndoa ya serikali hufungwa mbele ya msajili, Kampala au makao ya wilaya. Wachumba hutoa taarifa, nayo hubandikwa hadharani kwa siku 21 ili mwenye pingamizi aseme. Ndoa ya kimila nayo huandikishwa katika ofisi ya gombolola, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1973. Mume na mke hufika na mashahidi wasiopungua wawili, katika muda wa miezi 6 tangu ndoa kufungwa. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Itambulike kwamba kuishi pamoja tu, hata kwa miaka 20, hakugeuki kuwa ndoa mbele ya sheria. Watoto haki yao haipotei, wawe wa ndani au wa nje ya ndoa. Anayeachwa mikono mitupu ni mama yao.

Ama kuhusu wosia, sheria haidai mengi. Mwenye kuusia awe mtu mzima mwenye akili timamu. Auandike wosia, autie sahihi, na mashahidi wawili watie sahihi zao. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu ndani yake, maana atapoteza alichoachiwa. Akioa baadaye, auandike upya. Tena, jina la ndugu lililojazwa katika faili la kazi si wosia. Ni jina la mtu wa kupelekewa habari.

Mwanajeshi amewekewa mlango wa pekee. Akiwa vitani au katika msafara wa kivita, aweza kuusia kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, au kwa maandishi ya mkono wake mwenyewe yasiyo na shahidi. Lakini wosia wa mdomo hubatilika mwezi mmoja baada ya kutoka katika hali hiyo. Basi arudipo kambini salama, asiseme, "Nilikwisha kusema." Achukue kalamu. Naye polisi wa kituo cha mjini asiutegemee mlango huo. Njia yake ni ya wosia wa kawaida.

Asiyeacha wosia, sheria humgawia. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, ikiwa marehemu ameacha mke au mume, watoto, jamaa waliomtegemea na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mke au mume 20, jamaa 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haimo katika mgawo huo; ni makao ya mjane na watoto.

Msiba ukitokea, taarifa ipelekwe kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko katika Wizara ya Sheria, Kampala, na ina matawi mikoani. Jamaa anayetaka kusimamia mirathi, asipokuwa mjane wala msimamizi aliyetajwa katika wosia, hupitia kwanza ofisi hiyo kabla mahakama haijampa hati ya usimamizi. Huko huulizwa cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na habari za kikao cha ukoo. Anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini hiyo atenda kosa.

Hapo ndipo wajibu wa polisi unapoingia. Mjane akifika kituoni usiku na watoto wake, akasema shemeji zake wamemtoa nyumbani, asijibiwe kwamba hayo ni mambo ya ukoo. Kumfukuza mjane katika nyumba yake ni kosa la jinai. Aandikiwe shauri lake, na aelekezwe kwa Kabidhi Wasii.

Ndugu askari, likizo ijayo tenga siku moja. Nenda gombolola na mkeo, kisha keti uandike wosia, umpe mtu mwaminifu mmoja nakala na umwambie mkeo ilipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, usipokuwapo, watakaoujenga ni mjane na yatima.