Nafasi ya Anwani za Sura katika Usimulizi: Tarikhi ya Kilwa na Riwaya ya Paradise

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya, anwani ya kitabu huchambuliwa mara kwa mara, ilhali anwani za sura huchukuliwa kuwa vielekezi tu vya msomaji. Makala haya yanaonesha kwamba anwani ya sura ni kauli ya msimulizi: huamua hadithi ianzie wapi na itazamwe kwa macho ya nani.

Tarikhi ya Kilwa

Mfano wa kale kutoka pwani ya Lindi ni Kitab al-Sulwa, tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na kuchapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Anwani ya sura yake ya kwanza inatangaza habari za mtu wa kwanza kufika Kilwa na kuuasisi mji, naye anahusishwa na wafalme wa Shirazi. Hata hivyo, matini iliyo chini ya anwani hiyo inasimulia kwamba wageni hao walimkuta kisiwani Mwislamu na jamaa zake, pamoja na msikiti. “Wa kwanza” wa anwani, basi, si wa kwanza wa masimulizi. Simulizi ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani iliyokusanywa na Carl Velten huanza na wenyeji, ndipo Mshirazi akaja. Uchimbuaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick nao ulidhihirisha kuwa makazi ya kisiwani yalitangulia utawala wa nasaba hiyo. Msomaji anayeishia kwenye anwani huwapoteza wenyeji.

Riwaya ya Paradise

Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ina sura sita zenye anwani. Katika matini asilia, anwani ya sura ya tatu inataja safari ya kwenda bara. Huo ni mtazamo wa mtu wa pwani; kwa mtawala Chatu, huko bara ndiko nyumbani. Chatu anapoutwaa mzigo wa msafara wa Aziz, anatoa hoja kwamba mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Riwaya inampa sauti mtu ambaye anwani haikumhesabu.

Hitimisho

Thamani ya anwani ya sura haimo katika kufupisha yaliyomo pekee, bali pia katika pengo lililopo kati yake na matini. Mhakiki anapaswa kuzisoma zote mbili sambamba. Mfasiri naye, akibadili anwani, atambue kuwa huenda anabadili mtazamo wa sura nzima.