GESI YA SAMADI: FAIDA NA TAHADHARI KWA MAZINGIRA

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba mtambo wa gesi ya samadi hauhifadhi mazingira kwa kujengwa tu, bali kwa kutunzwa ipasavyo.

Samadi ikichanganywa na maji kwa kiasi sawa na kufungiwa pasipo hewa, vijidudu huiozesha na kutoa gesi. Asilimia 50 hadi 70 ya gesi hiyo ni methani, ambayo huwaka. Mtambo unaotiwa kilo 25 za samadi mbichi kila siku hutoa takriban meta moja ya ujazo ya gesi, inayotosha kuwasha jiko moja kwa saa mbili hivi. Kwa njia hiyo kuni na makaa hupungua, mikoko na vichaka vya uwandani husalimika, na mpishi huepukana na moshi.

Hata hivyo, methani ikivuja bila ya kuungua, katika kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia takriban mara 27 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito huo huo. Samadi iliyotandazwa shambani ikakauka hutoa methani kidogo. Mtambo hukusudiwa kuitoa kwa wingi. Kwa hiyo mtambo unaovuja sana huweza kudhuru kuliko kutokuwa na mtambo.

Jambo la pili ni maji. Tope linalotoka mtamboni ni mbolea nzuri, kwani karibu naitrojeni yote ya samadi hubakia humo. Lakini katika ardhi ya mawe ya matumbawe, likimwagwa ovyo hupenya upesi na kufikia visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa kuwalinda watoto wachanga.

Kwa hivyo wafugaji wanashauriwa:

(a) Kukagua viungo vya mabomba kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

(b) Kuichoma gesi iliyozidi, badala ya kuiachia hewani.

(c) Kutia tope mashambani kidogo kidogo, wakati mazao yanapokua, mbali na visima, na si wakati wa mvua kubwa.

(d) Kutoingia ndani ya mtambo kwa sababu yoyote; gesi iliyomo huua.

Kabla ya kujenga, mfugaji ashauriane na ofisa mifugo wa wilaya yake.