Kunde kwenye shamba la chumvi: mbegu peke yake haitoshi

Shangazi yangu analima pembeni ya bonde moja huko Pemba. Zamani lilikuwa bonde la mpunga. Maji ya bamvua yalipoanza kuvuka tuta na kuingia shambani, mpunga ukadumaa, halafu ukakataa kabisa. Siku moja akaniuliza: "Mwanangu, si wewe unayesoma mambo ya mimea? Sasa pale nipande nini?" Nikamjibu haraka haraka: "Panda kunde, shangazi. Zinavumilia chumvi."

Akapanda mvua ya kwanza ilipodondoka tu. Zikaota chache, majani yakaungua kingo kama yamepitishwa motoni, na kufikia wiki ya tatu palibaki udongo mtupu. Nilichomwambia hakikuwa uongo, ila kilikuwa nusu ya jibu. Leo naandika nusu iliyobaki.

Chumvi inaumizaje mmea?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiu. Mizizi hunyonya maji kwa sababu maji ya ndani ya mmea yana vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, mvuto huo unapungua. Ndiyo maana unaweza kukuta mmea umenyauka na udongo chini yake umelowa.

Ya pili ni sumu. Sodiamu na kloridi hupanda na maji hadi kwenye majani na kurundikana huko, hasa kwenye majani ya zamani. Sodiamu pia huchukua nafasi ya potasiamu, ambayo mmea unaihitaji kwa kazi nyingi. Ule ukingo wa jani uliokauka ndiyo dalili yake.

Je, kweli kunde zinavumilia?

Ndiyo, ukizilinganisha na ndugu zake. Chumvi ya udongo hupimwa kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, na kipimo chake ni desisimensi kwa mita (dS/m). Udongo unaozidi 4 huitwa udongo wa chumvi. Maji ya bahari yako karibu 50.

Jedwali la FAO la mwaka 1985, ambalo bado linatumika sana, linaonyesha kiwango ambacho mavuno hupungua kwa nusu. Maharage ni 3.6, karanga ni 4.9, na kunde ni 9.1. Tofauti hiyo si ndogo. Kwenye udongo wa 6, maharage na karanga hukaribia kutotoa kitu, wakati kunde bado zinaweza kutoa zaidi ya robo tatu ya mavuno yake ya kawaida.

Lakini kuna sharti ambalo wengi tunaliruka, nami nililiruka. Namba hizo ni za mmea ambao umeshaota na kushika, na ni wastani wa chumvi katika eneo lote la mizizi. Mche mchanga hauna uwezo huo. Na mbegu haikai kwenye wastani, inakaa sentimita 3 hivi kutoka juu.

Hapo juu pana nini?

Wakati wa kiangazi, jua hukausha udongo wa juu na maji ya chini hupanda kidogo kidogo, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Maji yakifika juu yanageuka mvuke, chumvi inabaki. Ndiyo ule unga mweupe unaouona kwenye mabonde ya pwani mwezi wa Februari.

Mvua ya kwanza haiuondoi unga huo. Inauyeyusha tu na kuushusha sentimita chache, pale pale ulipofukia mbegu. Yaani shangazi alipanda siku mbaya kuliko zote, na mimi sikumwambia.

Halafu kuna vinundu

Tunapenda mikunde kwa sababu bakteria waitwao rizobia huishi kwenye vinundu vya mizizi yake na kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Chumvi huvuruga kuundwa kwa vinundu hivyo, na mara nyingi huanza kuvidhuru kabla mmea wenyewe haujaonyesha shida kubwa. Unaweza kuwa na kunde zilizo hai lakini za njano, zenye njaa ya naitrojeni.

Kuangalia ni rahisi. Ng'oa mmea mmoja taratibu kabla haujatoa maua, kata kinundu katikati. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, zuia bahari. Kama bamvua bado linaingia shambani, hakuna kunde itakayoshindana na maji ya 50. Tuta na mikoko vinatangulia, mbegu inafuata.

Pili, acha mvua ifanye kazi. Subiri masika ioshe udongo, na chimba mitaro ili maji yenye chumvi yapate pa kutokea. Bila njia ya kutokea, kiangazi kikija chumvi inarudi juu. Halafu panda masika inapoelekea kuisha, juu ya matuta, kwa sababu kunde hazipendi maji yaliyotuama. Kunde za muda mfupi hukomaa ndani ya siku 60 hadi 75, kwa hiyo zinaweza kumaliza kazi kabla chumvi haijapanda tena.

Tatu, tandaza nyasi au majani makavu. Jua likikosa pa kuchoma, chumvi nayo inachelewa kupanda.

Nne, pima kabla ya kumwaga mbegu. Kama huna kifaa, chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja jaza udongo wa juu wa shamba lako, jingine udongo mzuri wa nyumbani. Panda mbegu 10 kila kopo, mwagilia maji baridi (yasiyo ya chumvi) kidogo tu, subiri siku 10. La shambani likiotesha 3 na la nyumbani 9, udongo wako bado. Subiri mvua zaidi.

Msimu uliofuata shangazi alijaribu makopo mara mbili. Ya kwanza yalimkatalia, ya pili yakakubali. Sehemu ya chini kabisa ya bonde aliiacha, akapanda ile ya juu tu. Hakujaza gunia, lakini walikula kisamvu cha kunde nyumbani wiki kadhaa, na mbegu ya msimu ujao ameiweka kwenye dumu.

Nilipompigia simu kumpongeza, alinijibu hivi: "Mwanangu, mwaka ule ungeniambia nisubiri."