Mafuta ya kivumbasi yana soko gani kwenye ghala la ndengu?

Ndengu zikivunwa Mbumbuni, Makueni, baada ya mvua za vuli, mkulima hana muda wa kungoja bei ipande. Fukusi wa ndengu na kunde huanzia shambani: hutaga mayai kwenye maganda yaliyokauka, na buu hutoboa akaingia ndani ya punje. Gunia hufungwa likiwa safi, na wiki chache baadaye likifunguliwa ni vumbi na matundu. Broka analijua hilo vizuri, naye hununua hofu pamoja na ndengu.

Dawa ya unga humuua mdudu anayetambaa juu ya punje. Aliyejificha ndani hufikiwa na hewa yenye sumu. Vidonge vya fosfini hutoa hewa hiyo, lakini huua watu pia, na wakulima wengi huweka nafaka nyumbani wanamolala. Ndiyo maana mafuta ya mimea yanavutia. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, akiwemo Ahmed Hassanali, wameonyesha kwamba mafuta ya mimea ya jamii ya kivumbasi huua wadudu wa ghalani na kuwafukuza.

Ugumu uko kwenye biashara. Majani mengi hutoa mafuta kidogo, na mafuta hayo tayari yana mteja: huko Kakamega, wakulima wanaopakana na msitu huyakamua kwa mvuke yatengenezewe dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kichupa cha kuchua kifua kinaweza kubeba bei ambayo gunia la ndengu haliwezi.

Mshindani mkali zaidi ni gunia la PICS lenye tabaka tatu, lililobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi. Likifungwa barabara, wadudu humaliza oksijeni na kufa. Mvuke wa mafuta nao hauna nguvu bila chombo kisichovuja. Mkulima akishakuwa nacho, mafuta ni ya nini?

Kwa maoni yangu, nafasi ya mafuta iko kwenye maghala ya vikundi, Makueni hadi ng'ambo ya mto Athi huko Kitui, ambako shehena hufukizwa kwa fosfini chini ya turubai, na mafuta yanaweza kushika nafasi ya fosfini hiyo. Hata huko, nafaka hufyonza mafuta na kubaki na harufu. Kabla kikundi hakijakopa fedha za mtambo wa kukamulia mafuta, ndengu zilizofukizwa kwa mafuta hayo zipikwe, wanunuzi wazionje, kisha waseme watalipa ngapi kwa kilo.