Msafiri wa Pikipiki na Mavazi Makavu

Leo twapenda kueleza jambo lionekanalo dogo machoni pa mtu akaaye nyumbani, lakini kwa msafiri ni kubwa. Mtu asafiriye mbali kwa pikipiki, akalala porini katika machela, awezaje kuyahifadhi mavazi yake ya safari yasilowe maji?

Kwanza tueleze neno. Sisi twaijua machela kuwa ni kile kitanda cha nguo kilichofungwa kwenye mti mrefu, ambacho zamani wapagazi walichukulia wagonjwa na wasafiri mabegani. Machela ya kulalia ni ndugu yake. Ni nguo pana yenye kamba huku na huku, nayo hutundikwa baina ya miti miwili. Watu wa visiwa vya Karibi walilala hivyo tangu zamani, na Christopher Columbus aliwakuta nayo mwaka 1492. Baadaye mabaharia wa Ulaya wakaitumia katika merikebu zao. Msafiri wa pikipiki huipenda kwa kuwa ni nyepesi, hukunjwa ikawa kitu kidogo, tena humwinua juu ya tope na mawe.

Lakini machela ina upungufu wake. Mwenye hema huingiza vitu vyake ndani akafunga mlango. Machela haina sakafu wala ukuta, na nafasi yake ni ya mwili wa mtu mmoja tu. Basi koti zito, suruali, buti, glavu na kofia ngumu vitalala wapi? Wengi huviacha juu ya pikipiki au chini penye majani, na asubuhi huvikuta vimelowa.

Pengine mtu atasema, "Nguo kulowa si msiba, jua litazikausha." Natufikiri pamoja. Mchukueni mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Njombe. Huku pwani hata aliyelowa huona joto. Lakini Iringa iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi. Na kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kadiri ya digrii 6. Tena nyanda hizo hupata mvua yake tangu Novemba mpaka Aprili. Msafiri aliyevaa koti bichi asubuhi, akaanza kwenda, hukutana na upepo wa mwendo wake mwenyewe.

Fahamuni kwamba maji hayakauki bure. Ili yageuke mvuke sharti yapate joto, nayo hulitwaa katika kitu kilicho karibu. Lita moja ya maji igeukapo mvuke hutwaa joto lipitalo mara tano lile litakiwalo kuitoa katika ubaridi wa barafu hata ianze kuchemka. Nguo ikikaukia mwilini, joto hilo hutoka kwa nani ila kwa mwenye nguo? Ndipo vidole vinapokufa ganzi, mabega yakatetemeka, na akili ikawa nzito. Mtu wa namna hiyo akiteremka Kitonga, penye kona nyingi na malori mazito, huchelewa kushika breki. Na kuchelewa kidogo tu kwatosha kumpoteza. Kwa hiyo tusemapo habari za mavazi makavu, twasema habari za uhai.

Sasa tutazame maji huja kwa njia zipi. Njia ni nne. Ya kwanza ni juu, yaani mvua. Ya pili ni chini, kwa kuwa matone yakipiga udongo hurusha tope, na maji hutiririka ardhini. Ya tatu ni kamba, kwani maji yashukayo katika gome la mti huifuata kamba mpaka machelani. Ya nne ni hewa yenyewe, ambayo huacha umande juu ya kila kitu kilichopoa usiku chini ya mbingu isiyo na mawingu. Njia hii ya nne ndiyo iwadanganyayo wengi, maana hulala bila mvua wakaamka wameloa.

Kila njia ina dawa yake. Dawa ya mvua ni turubai. Machela ya mita 3 yahitaji turubai la urefu usiopungua mita 3 na nusu, ili lipite ncha zake zote mbili. Litundikwe kabla ya kitu kingine chochote, na wakati wa kuondoka lishushwe mwisho. Hivyo mtu atafungua na kufunga mizigo yake pakavu, hata mvua ikinyesha. Upande ule upepo utokako, turubai lishushwe karibu na ardhi. Upande wa pili liinuliwe kidogo, hewa ipate kupita.

Dawa ya maji ya kamba ni uzi tu. Katika kila kamba, mahali palipo chini ya turubai, baina ya mti na machela, fungeni uzi wa pamba au kipande cha kitambaa, kining'inie kama kidole. Maji yafuatayo kamba yakifika hapo huuacha mwendo wake, yakafuata uzi na kudondoka chini.

Dawa ya ardhi ni kutoweka kitu chini. Chini ya turubai ifungwe kamba ya pili kwa urefu, nayo ipewe nyuzi zake vilevile. Koti na suruali vitundikwe hapo, vikiwa vimefunguliwa vifungo vyote ili hewa ipite ndani. Glavu zining'inie vidole vikitazama chini. Kofia ngumu itundikwe kwa ukanda wake. Buti zitolewe soksi, kisha zichomekwe juu ya vijiti viwili vilivyosimamishwa ardhini, nyayo zikitazama juu. Kwa njia hii maji hutoka, wala nge hapati nyumba. Asubuhi, hata hivyo, buti zikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Kwa umande, turubai lenyewe ni msaada mkubwa, kwani kitu kilichofunikwa hakipoi upesi kama kilicho wazi. Lakini tusitazamie makuu. Usiku wa mvua hewa imejaa unyevu, na nguo iliyolowa haikauki. Itoshe isiongeze maji. Kwa sababu hii msafiri mwenye busara hasafiri mpaka giza. Katika nchi zetu jua huchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, naye asimame saa kumi, au kumi na moja isipite, apate kukamua soksi, kuifuta kofia kwa kitambaa, na kuanika koti upeponi kabla ya unyevu wa usiku.

Liko neno moja tungependa mlishike kuliko yote. Msafiri awe na nguo za usiku ambazo hazivaliwi njiani kamwe: shati, suruali, na soksi za sufu. Hizi zikae katika mfuko usiopenya maji, ambao mdomo wake hukunjwa mara tatu kabla ya kufungwa. Asiye na mfuko huo atumie ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, akaifunge nyuma ya pikipiki kwa vipande vya mpira wa gurudumu, kama wafanyavyo vijana wetu wa bodaboda. Asubuhi azivue hata kama anaona baridi, avae zile mbichi, na kuzirudisha hizi mfukoni. Jambo hili ni zito, lakini azivaaye njiani leo hatakuwa na kitu kikavu cha kulalia kesho.

Sasa makatazo. Msianike ngozi karibu na moto, kwa maana hukakamaa ikapasuka. Magazeti yaliyokunjwa ndani ya buti, yakibadilishwa yakilowa, hufanya kazi nzuri zaidi. Nguo za nailoni nazo huyeyuka. Na bomba la moshi la pikipiki, hata injini ikiwa imezimwa, hubaki na moto wa kutoboa glavu. Kofia ngumu isikaribie moto wala petroli, kwani vyote viwili huharibu ule utando mwepesi wa ndani unaokinga kichwa.

Hatimaye, mahali pa kutundika. Mti uwe mzima, usio na matawi makavu juu yake, wala usiwe mnazi wenye nazi. Katika mvua ya radi uacheni mti mrefu uliosimama peke yake. Msilale bondeni kwenye mkondo wa maji, wala ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu hupita katikati yake penye tembo na simba. Karibu na kijiji, tafuteni mwenyekiti wake mwombe ruhusa kabla ya kufunga kamba. Mara nyingi mgeni aliyebisha hodi vizuri huonyeshwa ukumbi wenye bati, nao hupita turubai lolote.

Wazee walisema hadhari kabla ya athari. Uzi mmoja kambani, saa moja ya mwanga, na shati kavu ndooni ni vitu vya bei ndogo, navyo humfikisha mtu kwake.