Mali ipo, hela ya kulipa leo haipo

Wadau, Silicon Valley Bank ya Marekani ilifungwa tarehe 10 Machi 2023, na si kwamba iliibiwa. Hela za wateja, ambazo mteja anaweza kuzidai muda wowote, iliziweka kwenye hatifungani za miaka mingi zenye riba ndogo. Mwaka 2022 riba zikapanda. Nani tena anunue hatifungani ya zamani kwa bei ileile wakati mpya inalipa zaidi? Wateja wakawa wanatoa hela, benki ikauza kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Ilipotangaza tu, kesho yake watu wakataka kutoa bilioni 42. Siku moja!

Sasa wewe umechukua mkopo wa marejesho ya kila wiki, ukajaza sare za shule zinazotoka Januari. Jumatatu unalipa na nini?